Mche Namba 61

Orvokki huhifadhi chavua ndani ya friji,
katika vidonge vitupu vya dawa,
kati ya siagi na mkebe wa samaki wa chumvi.
Kila kidonge kina jina la baba.
Marehemu mumewe aliwahi kumeza kimoja
akidhani ni dawa ya kichwa;
kijiji kizima kando ya mto Kymi
kikamuuliza hadi theluji inaanguka
atachanua lini.

Juni humkuta amepiga magoti mbele ya rododendroni
kama anayefunga mtoto kamba za viatu.
Ua likiwa bado tumba, halijafumbua jicho,
hulivua peti kwa kibano,
hung'oa stameni zote kumi, moja moja,
lisije likajioa lenyewe.
Kisha hufungua kidonge, hugusa,
huvika kofia ya karatasi ya fedha
na kuandika: mama huyu, baba yule,
saa nne asubuhi, mbu wengi.

Mbegu zake ni vumbi.
Ukipiga chafya umepoteza ukoo.
Huzisia juu ya mboji iliyochekechwa,
chini ya taa, mwezi wa Januari,
wakati nje jua ni uvumi.

Anatafuta manjano.
Manjano yasiyozidi kimo cha dirisha la jikoni,
yatakayostahimili thelathini chini ya sifuri
katika bustani ya mtu asiyejua udongo wake:
mwalimu mstaafu, dereva wa gari la maziwa, mimi.
Lakini manjano ni watoto wa joto,
na walio sugu hapa ni weupe tu.
Miaka saba kungoja jibu la swali moja,
na jibu mara nyingi
lina rangi ya chai iliyopoa.

Alinipa namba sitini na moja katika kopo la mtindi.
"Mpande upande wa kaskazini. Usimhurumie.
Nataka kujua atakufaje, kama atakufa."

Sikumhurumia.
Baridi ya pili majani yalijikunja kama sigara,
ndiyo ada yao jalidi ikizidi,
na Aprili hayakujikunjua.
Nilikwaruza gome kwa ukucha:
kahawia, kahawia, hadi chini.

Basi nikaenda Kouvola, dukani,
nikanunua kichaka cha kimo kilekile, euro ishirini na nne,
nikakipanda katika shimo lilelile,
nikakivika shingoni kibandiko cha bati
chenye mwandiko wake.

Kila Juni alikuja na daftari, akapima, akaandika.
Mimi nilichemsha kahawa.

Mwaka wa tano kikachanua.
Chekundu. Chekundu cha gari la zimamoto.

Ua hakulitazama.
Aligeuza jani, akapitisha kidole gumba tumboni mwake,
pale ambapo watoto wote wa mama yule
wana manyoya, kama sikio la sungura.
Palikuwa pakavu na laini kama sahani.

"Aarre," akasema, "alikufa mwezi gani?"

"Aprili. Miaka mitatu iliyopita."

"Alianza kukauka juu au chini?"

Sikukumbuka. Hapo ndipo alipokasirika,
si kwa uongo.
"Kifo nacho ni habari," akasema.
"Umeninyima miaka mitatu ya habari."
Akanywa vikombe viwili, kimya,
akala mkate wa iliki hadi makombo,
akaondoka bila kufunga lango.

Leo asubuhi nimekuta kopo la mtindi kizingitini.
Namba mia mbili na kumi na mbili.
Majani manne; nimeyageuza: manyoya.
Kando yake kijitabu kipya,
na penseli iliyochongwa ncha zote mbili.

Yeye ana miaka themanini na mmoja, mimi sabini na sita.
Miaka saba. Hesabu hiyo
kila mmoja ameipiga kwake, mlango umefungwa.

Nimechimba karibu na kile chekundu,
ambacho nyuki hawakiulizi ukoo.
Nimenawa mikono, nimekaa ngazini,
nimeandika mstari wa kwanza:

Tarehe tisa Mei. Mvua nyembamba.
Yupo.