Futa Hapo, Afande

Futa hapo, afande. Si laki nne.
Laki nne ndiyo niliyomwambia mume wangu,
ndiyo niliyomwambia dada, na katibu wa chama,
ndiyo niliyokuja kuiandikisha hapa mwezi wa sita
nikiwa nimejitanda kanga mpaka puani.
Andika laki sita na elfu themanini na mbili.
Andika kubwa, hata aliye mlangoni aione.

Ilikuwa ya salfa. Mikorosho imeanza maua,
ubwiriunga umeshayapaka majivu,
na sauti kwenye simu ikasema ghala liko Masasi,
mifuko thelathini, bei ya ndugu, gari linatoka kesho.
Kesho hiyo bado haijafika Newala.

Kwa nini nilipunguza?
Nilidhani mjinga wa laki nne
ni mdogo kuliko mjinga wa laki sita.

Sasa sikiliza la juzi.
Nimekaa uani nabangua, vidole vimejaa jivu,
simu ikalia. Mwanamume, sauti imepigwa pasi:
"Unaongea na Kitengo cha Kurejesha Fedha za Waathirika."
Jina refu namna hiyo, ungedhani lina kiti na meza.
Akasema mwizi wangu kakamatwa,
pesa yangu ipo, imelala, inaniulizia,
kilichobaki ni elfu arobaini na tano
ya kufungulia faili,
na namba ya siri,
kuhakiki tu kwamba mimi ni mimi.

Nitakuwa muongo mara ya pili nikisema sikufurahi.
Nilisimama, ungo ukaanguka, korosho mchangani.
Nikaanza kupiga hesabu nani ana elfu arobaini na tano:
Asumini wa mashine ya kusaga,
upatu wa Jumamosi,
yule mbuzi mwenye pembe moja.
Hata namba ya siri, tarakimu mbili zilishafika ulimini.

Ndipo, ili niamini zaidi, akaongeza:
"Mama Nantongwe, ni laki sita na elfu themanini na mbili,
zote zako, haikatwi hata mia."

Nikanyamaza.

Newala nzima ina laki nne.
Kitabu chako hiki kina laki nne.
Mume wangu akiota, anaota laki nne.
Hiyo nyingine tulikuwa tunaijua wawili:
mimi niliyeituma
na yule aliyeipokea.

Nikamuuliza, "Na salfa yangu, bado iko Masasi?"
Akakata.

Ganda la korosho lina mafuta yake, afande,
ukiling'ata kwa pupa linakubabua mdomo.
Mama alinifundisha kupaka jivu kwanza, ndipo nishike.
La simu hakunifundisha. Hakuwa na simu.
Mtu akishakuibia mara moja
anajua mlango, anajua na kilio chako kinalilia nini,
anarudi amevaa nguo za msaada.

Namba zote mbili hizi hapa,
nimeziandika nyuma ya stakabadhi ya chama.
Najua utaniambia huenda nisipate kitu. Sawa.
Wewe hukuniomba hela ya faili.
Hilo nalo nimelipima.

Jioni nitamwambia mume wangu. Hiyo kesi si yako.

Ila nisaidie moja.
Pale nje kwenye benchi yuko binti wa mzee Chipukuta,
kiatu kimoja kaning'iniza kidoleni, anatazama chini.
Anasema katapeliwa elfu tisini.
Usimwandike upesi.
Mpe maji kwanza.
Halafu muulize tena.