Bei ya Herufi

Nalipwa kwa herufi, shilingi mia tatu kila moja.
Nafasi bure, nukta bure.
Ndiyo maana nakipenda Kiingereza cha madaktari
kuliko lugha aliyonilelea mama.

Stensili zangu zimekatwa kwenye filamu za eksirei
za watu waliokwisha pona, au waliokwisha zikwa, sijui.
Fundi Ndekirwa alinirithisha gunia zima
siku aliyofunga kibanda chake pale Mbuyuni.
Ukiinua S juani utaona vidole vya mtu.
T ina goti.
N ina mbavu mbili; ya tatu niliikata kwa wembe.

Jumatatu hospitali wakanipa milango.
Wa kwanza: OPHTHALMOLOGY.
Herufi kumi na tatu, na H mbili zimejibanza
mahali ambapo mdomo wangu haufiki.
Hili dude ni nini, nikamwuliza nesi Haikaeli.
"Macho," akasema, huku anahesabu sindano.
Macho! Nikaanza kuyasaka mle ndani kama asakaye chawa:
M imo, A imo, H imo, O zimejaa tele.
C tu ndiyo haimo.
Neno refu namna ile, limekosa C moja liweze kuona.

Wa pili: OTORHINOLARYNGOLOGY.
Kumi na tisa! Nikapiga hesabu ubavuni mwa kopo:
elfu tano na mia saba,
unga, mafuta, na nauli ya Uru Jumapili.
O tano katika neno moja. Stensili ikakatika kidaraja kwenye ya nne;
ya tano nikaichora kwa mkono, imekaa kama yai.
"Masikio, pua na koo," akasema nesi.
Watu watatu ndani ya koti moja.

"Na huu mkia, LOGY, mbona kila mlango unao?"
"Elimu. Elimu ya kitu fulani."
Kumbe kutwa nzima nilikuwa napaka elimu, elimu, elimu,
mimi niliyeishia kidato cha pili.

Mama mmoja wa Mamsera akasimama nyuma yangu
na kiroba cha ndizi mshare begani,
akausoma mlango kama avukaye mto kwa kukanyaga mawe,
akakwama kwenye PHTH.
"Mwanangu, hapa ndo wapi?"
Bila kutumwa na mtu nikapaka chini yake: MACHO.
Akaingia.
Mhasibu Mringo akaja na karatasi yake.
"Hizo tano hatulipi."
Sawa. Usilipe.

Mlango wa mwisho uko mwisho wa korido,
kwenye dirisha linalotazama migomba.
ONCOLOGY.
Nane tu. Nikacheka, nikasema
daktari wa humu ni maskini wa herufi.
Haikaeli hakucheka.
Aliniambia maana yake kwa sauti ya mtu anayefunga dirisha.

SARATANI. Nikahesabu vidoleni: nane.
Nane kwa nane, kama timu mbili za chandimu,
na katika zote zinakutana kwa herufi moja, N,
ile yenye mbavu.
Nikaishika. Sponji imekwisha lowa rangi.

"Usiandike," akasema. "Wako wanaovuka kizingiti hiki
kwa sababu tu la juu hawalijui.
Wakishakaa ndipo tunawaambia, taratibu,
wakiwa wameshika mkono wa mtu."
Nami namsikia yule mama wa Mamsera:
hapa ndo wapi?

Nani kati yao ana haki, sikujua. Bado sijui.
Nikaacha nafasi sita kushoto, moja kulia,
nikapaka N peke yake.

Ukungu ulikuwa umeshuka, rangi ya mafuta ikakataa kukauka siku mbili.
Siku ya tatu Mringo akasimama pale na kalamu sikioni.
"N ya nini hii?"
Hiyo, nikamwambia, utailipa.