Daftari la Vyombo Vilivyovunjika

Miaka kumi na minne nimeosha bureti mjini Arua,
saba kule kilimani, saba huku karibu na ghala la tumbaku.
Zote mbili ni shule za serikali:
korongo yuleyule kwenye karatasi za barua,
na mshahara wangu haukubadilika hata shilingi.
Wanafunzi waniita Tindikali. Sikatai,
vidole vyangu ni ushahidi.

Niulizeni mimi, basi,
msiulize mabango ya matokeo yanayotundikwa getini.

Kilimani kuna PCM, kuna PCB, kuna ile ya uchumi na kompyuta;
mtoto huchagua kama anayechagua shati.
Huku chini PCB tunayo pia,
imeandikwa ukutani kwa rangi ya bluu.
Mwalimu wa Fizikia huja Jumanne na Alhamisi,
pikipiki yake ikikubali.
Wiki za mvua watoto hujisomea wenyewe mada ya mwanga,
umeme umekatika.

Kule kila mmoja ana bureti yake.
Huku, watoto tisa kwa bureti moja:
mmoja afungua koki, mmoja asoma namba,
mmoja aandika,
na sita wasimama kama mashahidi wa harusi.

Tunasema Sinia ya Tano, Sinia ya Sita.
Na sinia ndiyo hiyo:
kwingine wali umefurika hadi ukingoni,
kwingine ni mikono tu, inakutana katikati.

Halafu Novemba hufika.
Kasha la aina moja, lakiri moja, saa moja.
Swali la kwanza huanza: Umepewa.
Umepewa!
Nimelisoma neno hilo huku chini mara saba
na bado lanikwaruza koo.

Sitadanganya. Kilimani nako kuna machozi.
Alionzi alitaka Historia;
baba yake akamchagulia PCM kwa simu, dakika mbili.
Alivunja pipeti tatu muhula mmoja,
na mkono wake haukuteleza.
Nilifagia vipande, nikanyamaza.

Na huku yuko Driciru wa HEG,
aliyeikwepa sayansi kwa sababu ya ada ya maabara.
Saa nane hupita dirishani pangu,
huisoma chati ya elementi kwa midomo tu,
kama mtu anayehesabu madeni ya nduguye.

Siku moja nilimwita, nikamshikisha koki.
Polepole, nikamwambia. Tone. Tone.
Maji maangavu. Bado maangavu.
Kisha tone moja, si zaidi,
na chupa nzima ikawa waridi.
Hakucheka. Aliuliza:
“Lililofanya kazi ni hili la mwisho, au yote?”
Miaka kumi na minne,
hakuna mwana wa sayansi aliyewahi kuniuliza hivyo.

Mwezi jana kilimani waliniazima nikawahesabie stoo.
Bureti arobaini zilikuwa bado kwenye majani ya makasha,
hazijaonja maji.
Nilifungua daftari la vyombo vilivyovunjika,
nikaandika: bureti, sita.
Saini yangu ilitulia kuliko siku nyingine zote.

Nikazifunga ndani ya blanketi la mke wangu,
nikashuka na baiskeli hadi daraja la Enyau,
kila tuta nalivuka kwa miguu
kama mtu aliyembeba mgonjwa.

Sasa ni watoto watatu kwa bureti moja.
Bado si haki; hata wizi wangu ni mfupi.
Mkuu wa shule ameziona, akakohoa,
akaniuliza habari za nyumbani.

Leo mchana, meza ya mwisho, wako wanne.
Wa nne ana daftari la Jiografia kwapani
na jicho lake liko sawasawa na mstari wa maji.
Kwenye orodha ya maabara hayumo.
Sijamwandika popote,
na daftari lile jingine
ni la vilivyovunjika tu.