Meza Kumi na Nane

Taibali kanipa karatasi moja, kaipiga kidole:
wafanyakazi arobaini na mmoja, meza kumi na nane.
"Wengine wako njiani," kasema, "kila siku wako njiani.
Nimechoka kulipia viti vinavyokaliwa na vumbi."

Nyumba ipo Ndia Kuu. Orofa mbili, kuta za matumbawe,
unene wa mkono wangu toka kiwiko hadi ncha ya kidole.
Juu ya mlango: Uwakala wa Forodha na Mizigo.
Herufi moja imeanguka, hakuna aliyeiokota.

Sikuanza na kalamu. Nilianza na viatu.

Kadzo nilimkuta Kilindini, nje ya lango,
kakalia kreti la soda, laptopu mapajani,
mgongo kwenye kivuli cha kontena la bluu.
"Kivuli kikihama nami nahama," akanambia
bila kuinua macho. Nikakipima: futi mbili na nusu.
Nikaandika: ofisi ya Kadzo, saa nne asubuhi.

Mwakio yuko Mariakani, kwenye mizani ya malori,
stakabadhi kazitandaza juu ya boneti,
anazipiga picha moja moja; kidole gumba kimelowa mafuta,
simu haikitambui. Ajifuta kwenye suruali, ajaribu tena.
Mwanasha naye ni wa Likoni: "Kivuko kikiwa katikati
mtandao hukaza. Barua pepe nne, hata tano,
kabla mlango haujashushwa watu wakamwagika."

Nikarudi nikachora. Meza za magurudumu,
soketi za sakafuni, kibanda cha kupigia simu,
chumba kidogo chenye pazia na friji
kwa mama anayemkamulia mwanawe maziwa,
ndoano za helmeti, rafu ya miswala.
Na programu ya simuni: gusa, meza ni yako hadi alasiri.

Bi Zuwena wa hesabu hakugusa kitu.
Miaka ishirini na sita ameketi dirisha la pili.
Akavuta droo yake, akanionyesha:
mkasi, muhuri wa mpira, tasbihi, tangawizi kavu,
risiti ya ada ya mtoto ambaye sasa ni daktari Voi.
"Meza chukua," akasema. "Droo hii
utaitia kwenye programu gani?"

Nikajifanya napima dirisha.

Siku ya kuwasha, Bakathir fundi wa mitambo
alizunguka vyumba vyote, simu kaiinua juu
kama mtu atafutaye mwezi mwandamo.
Ukumbini, mstari mmoja. Chumba cha ndani, hamna.
Ukuta ulijengwa ili siri ya ndani isifike mtaani;
umeshika ahadi yake, waifai haiujui.
Mistari minne kamili tuliipata mahali pamoja:
dakani, nje ya mlango, pale waya wa mtaa unapoingilia,
kwenye baraza la mawe ambapo wenye nyumba
walifanyia biashara, maana mgeni haingii ndani.

Nikacheka peke yangu. Kisha nikaziona zidaka.

Thelathini na mbili ukutani; Taibali alitaka zizibwe.
Sasa nne zina visanduku vya mtandao, taa ya kijani yakonyeza;
zilizobaki nimezitia vijilango vya mbao na kufuli.
Kidaka cha Kadzo kina viatu vya mvua. Cha Bi Zuwena
sijui kina nini; ufunguo uko shingoni mwake.

Kwenye mchoro, juu ya daka, nimeandika: pasiguswe.
Taibali kauliza hapo ni meza ya ngapi.

Leo nabandika namba za mwisho, simu ikalia.
"Kivuli kimehama," asema Kadzo, "na mvua yaja. Kuna nafasi?"
Nikatazama programu: kumi na nane, zote nyekundu.
Nikatazama nje: jiwe lililofagiliwa, mto mmoja,
waya wa chaji umechungulia chini ya mlango.
"Njoo," nikamwambia. "Lakini usiguse popote. Njoo tu."