Laki Moja

Kahawia, nyeusi, manjano: laki moja.
Luthuli, ghorofa ya pili, nyuma ya wauza chaja,
Barasa anaziuza shilingi tano tano
kutoka kopo la kahawa lisilo na kifuniko.
"Om ni om," anasema, "kama kilo ni kilo.
Stima haijui bei."
Nikamwamini. Mfuko wangu ulishamwamini kabla yangu.

Nilikuwa naunda kikuza sauti
huku Jericho, juu ya trei kuukuu ya mkate:
transista nne, kapasita za kung'oa kwenye redio mfu,
na rezista za kaboni, nono kama njugu,
zenye umri wangu au zaidi.
Kikaimba. Ila kiliimba kikikaanga,
shhhh chini ya kila neno,
kana kwamba mtu kasahau vitunguu jikoni.

Kanda yenyewe ni moja.
Mjomba Mwololo alifunga spika za harusi na matanga
miaka ishirini, akanasa sauti ya kila mtu
isipokuwa yake.
Alichoacha ni kupima maikrofoni:
"Moja. Mbili. Moja, mbili.
Huko nyuma mnanipata?"
Dakika nne za kuhesabu hadi mbili.
Mkazamjomba Kalekye aliniletea imefungwa kwa leso.
"Nitengenezee," akasema. "Nimsikie."

Nikasogeza transfoma. Nikasokota nyaya upya.
Nikailaumu stima ya mtaa, jirani, baridi ya Julai.
Kikaanga tu.

Akoth wa juu, anayekarabati mashine za hospitali,
alishuka na mita yake ya njano, akagusa miguu miwili:
laki moja imekuwa laki na elfu kumi na tisa.
"Imezeeka na inajikohoza," akasema.
"Ndani ni chembe zilizobanwa. Umeme unapapasa
chembe hadi chembe, kama mgeni gizani
anayegonga kila stuli ya nyumba."

Basi nikarudi Luthuli kununua za buluu,
za utando wa metali, shilingi ishirini moja.
Dazeni nzima. Usiku huo nilikula chapati kavu.
Nikazilehemu zote, nikatangaza utamu:
besi imenenepa! vinanda vina hewa!
Akoth akaniambia, geukia ukuta.
Akabadilisha, akarudisha, nami nikitoa hukumu.
Hii tamu. Ile chungu. Hii, aa, hii asali.
Akacheka hadi akakalia sakafu:
mara tatu nzima hakugusa kitu,
alikuwa anapasha moto chuma cha kulehemu.

Moja tu ilikuwa na neno.
Ile ya kwanza kabisa, mlangoni pa kanda,
pale sauti ingali nyembamba kama uzi wa buibui
na kikohozi chochote hukuzwa pamoja nayo.
Pale niliweka ya buluu.
Nyingine kumi na moja zimo koponi. Barasa asijue.

Vitunguu vikazimwa.
Ukabaki ukungu wa kanda yenyewe, na mjomba
ndani yake, karibu, mate yakisikika:
"Moja. Mbili."
Kisha, mahali ambapo zamani palikuwa kukaanga tu,
kijiko kikagonga kikombe.
Mwanamke, mbali kidogo na maikrofoni:
"Chai inapoa."
Na yeye, akigeuza uso, kwa sauti
ambayo hakuwahi kuitumia matangani:
"Naja, Syombua. Naja, mpenzi."

Kalekye anakuja Jumapili baada ya ibada.
Ameniuliza kama aje na mandazi.

Nimerudisha kanda nyuma mara saba.
Syombua yupo kila mara, na chai inapoa kila mara.
Chuma kimeshika moto, risasi inameremeta nchani,
na kiganjani mwangu, nyepesi kama punje,
kahawia, nyeusi, manjano.