Dubu Anayepiga Makofi

Jumanne jioni, Oldham.
Mvua ya tangu Jumapili bado haijamaliza maneno yake.
Tumekalia viti vya watoto, magoti kidevuni,
sisi wanane wa bodi ya shule,
na ndoo ya bluu chini ya dari inayovuja.
Mimi ni mwakilishi wa wazazi. Nilichaguliwa
kwa sababu fomu iliyorudishwa ilikuwa moja tu, yangu.

Mezani masanduku matatu.

La kwanza kaja nalo Bwana Prosser, viatu vyembamba,
katoka Cardiff na treni ya asubuhi. Ndani mna vishikwambi
na dubu wa rangi ya chungwa anayepiga makofi
kila mtoto agusapo neno.
Ana grafu. Mistari yote inapanda,
hakuna hata mmoja uliowahi kuugua mafua.

La pili ni kadi za sauti, mia moja na ishirini,
kadi baada ya kadi, na mwalimu haruhusiwi kuruka
hata darasa zima likiwa limeshafika.

La tatu ni vitabu, na daftari la mwalimu.
Halina wa kulisemea.
Limekuja kwa posta, kona moja imelowa.

"Paundi elfu tisa," anasema Bi Hesketh, mwalimu mkuu.
"Au dari." Anacheka peke yake.

Mimi yangu niliisoma kwa wiki chache,
ba, be, bi, bo, bu, vumbi la chaki puani;
ulichokiona ndicho ulichokitamka.
Lugha ya hawa ni nyumba ya wapangaji wasiolipa kodi:
neno lao la kisu linaanza na herufi butu,
haikati chochote mdomoni;
neno lao la usiku lina mbili katikati, zimelala fofofo.
Binti yangu Tausi alizikubali, kama unavyoikubali baridi.
Kian Ogden, miaka tisa, jirani yetu ukuta kwa ukuta,
bado anagombana nazo.

"Nipeni mtoto," anasema Prosser. "Yeyote."
Kian yuko koridoni, anamsubiri bibi yake atoke zamu.
Anaingia, soksi moja imeshuka.
Anagusa neno, anakisia. Dubu anapiga makofi.
Anagusa jingine, anakisia, amekosa kabisa,
dubu anapiga makofi.
Kian anakirudisha kishikwambi mezani taratibu,
kama mtu anayerudisha chenji iliyozidi.
"Huyu hasikilizi," anasema.

Tone likaanguka ndooni. Tukalisikia sote.

"Makofi yanazimika," Prosser akasema, "kwenye mipangilio."

Nikauliza: nani atakaa naye?
Grafu haikujua. Kadi zilikuwa na namba tu.
Nikalifungua lile daftari lenye kona mbichi,
ukurasa wa nne: *Kaa pembeni yake.
Akikwama, hesabu hadi kumi kabla hujamsaidia.*
Nikausoma kwa sauti, kwa lafudhi yangu,
na Bwana Entwistle wa hesabu akaangalia saa.

Kura: kadi tano, dubu mbili,
sanduku la tatu mkono mmoja, nao naujua ni wa nani.
Sikununa. Kadi si mbaya, angalau zinajua ziendako.
Nikaomba jambo moja liingie kwenye kumbukumbu za kikao:
kila Ijumaa, viti viwili, mimi na Kian, nusu saa.
Bi Hesketh akaandika. Hilo halikuwa na bei.
Daftari nikalitia mkobani; hakuna aliyeliulizia.

Ijumaa ya tatu akafika kwenye usiku.
Akasimama.
Nikahesabu kimoyomoyo, ulimi nimeung'ata.
Nilipofika saba akaweka kidole
juu ya zile mbili za katikati.
"Hizi zimelala?"
"Zimelala."
Akashusha sauti, akapita
kwa ncha za vidole.