Tundu la Hewa

Saa nane, Kibos Road. AC inanipulizia joto la Kisumu
kana kwamba inanirudishia changu.
Akeyo fundi hagusi gesi. Anavaa glavu za mpira,
anang'oa kiti cha nyuma.
"Betri ikiugua, baridi utaitoa wapi?"

Seli ya saba imevimba, itabadilishwa.
Lakini feni, feni imekabwa koo:
anachomoa kwa koleo
nyuzi za sweta, kijani, zimegandamana na vumbi.

Hapo ndipo alipoegemea mama
kila Jumanne tukienda Russia asafishwe damu,
kiwiko kimeziba tundu.
"Upepo wenu huu unaniuma mifupa."

Feni inazunguka sasa. Ubaridi umekuja hadi magotini.

Nyuzi nimezikunja ndani ya risiti.
Nilipofika Kondele
nikaizima AC, nikashusha vioo.